Nilikwenda Misikhu Kuposa

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea kwa milango ya nakshi, mihrabu na makaburi ya mnara. Mara ngapi nimewapitisha Mji wa Kale wa Mombasa, kichochoro kwa kichochoro, nikiwaonyesha boriti ya mkoko hapa na roshani ya mbao kule, na kulalama kwamba nyumba fulani imevunjwa usiku ili pajengwe ghorofa! Leo nawaomba ruhusa tutoke Pwani. Tunakwenda Misikhu.

Najua wako watakaouliza Misikhu ni wapi na kuna nini. Ni soko la njia panda katika barabara ya Webuye kwenda Kitale, mahali inapochepuka njia ya Naitiri na Brigadia. Pana maduka, pana vibanda vya matunda, pana vijana wa bodaboda wamekaa juu ya pikipiki zao wakingoja abiria, na nyuma ya hayo yote ni mahindi na miwa mpaka macho yachoke. Mtu apitaye kwa basi hawezi kudhani kwamba hapo pana jambo la kale. Mimi nami nisingedhani, kama si posa.

Mwana wa marehemu kaka yangu anafanya kazi Kitale. Huko alikutana na binti wa Misikhu, Mbukusu, Mwislamu na mtoto wa Waislamu, akanipigia simu kuniambia kwamba amekata shauri. Kwa kuwa babake hayupo, baba ni mimi. Nikafunga kanzu mbili, kofia ya kazi, joho, halua ratili tano na udi wa kumfukizia bibi wa watu, nikapanda basi.

Niseme na hili mapema, kwa sababu litakuja kutuhusu. Jina la nchi zile si geni nyumbani kwetu. Baba wa babu yangu alikuwa mtu wa misafara ya Kavirondo, kama Wapwani walivyokuwa wakiziita nchi zote za huko kwa jumla. Nyumba yetu ya Mji wa Kale, yenye baraza mbili na mlango ambao watalii huupiga picha, ilijengwa kwa fedha ya pembe. Tumelisema hilo kwa fahari miaka yote, na mimi nimelisema kwa maandishi.

Kitale sikukaa sana. Kijana alinipeleka kwenye Makumbusho, akijua maradhi yangu. Yana historia yake: mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianza mwaka 1926 kuweka hapo Kitale wadudu, ndege, vitabu na vyombo alivyokusanya, mwaka huo ndio reli iliofika mji huo. Alipofariki katika miaka ya 1960 mali yake hiyo ikawa ya umma, na Desemba 1974 pakafunguliwa makumbusho ya taifa, ya kwanza ya bara nje ya Nairobi. Nyuma ya jengo wamejenga mfano wa maboma ya makabila, nyumba za udongo na nyasi, na moja ni la Kibukusu. Nililitazama kwa adabu, kama mtu atazamavyo picha ya harusi ya watu asiowajua.

Kisha akanionyesha, kwa nje tu, klabu iliyoanzishwa na walowezi katika miaka ya 1920. Hapo, wasema wenyeji na vitabu vya watalii, palikuwa na duara la mawe ambamo watumwa walifungwa wakingojea safari ya kuteremshwa pwani hadi Bagamoyo. Mimi husikia hadithi za namna hiyo kila mji, na huwa nazitilia shaka. Nyanda zile zimejaa mashimo na maduara ya watu wa kale waliotajwa kwa jina la Wasirikwa, nao wachimbaji wa mambo ya kale wameshathibitisha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Tena biashara kubwa ya misafara upande huu ilikuwa pembe kuliko watu. Nikamweleza kijana hayo yote pale kando ya ukuta, kwa ufasaha, kama mtu anayetetea jamaa yake barazani. Akasikiliza, akasema, "Sawa, ami."

Misikhu tulipokewa vizuri mno. Nyumba ya bati, ukumbi umetandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na nje chini ya mparachichi viti vimepangwa nusu duara. Mzee mwenye nyumba ni babu yake binti, mtu wa miaka tisini na zaidi, kofia imemkaa kichwani kana kwamba alizaliwa nayo. Uislamu wa nyumba hiyo ulitoka Mumias. Huko ndiko misafara ya Pwani ilikokuwa ikituliza mizigo kwa Nabongo wa Wanga, na jamaa wa nyumba ya Nabongo wakasilimu, na kutoka kwao dini ikaenea kwa wengine. Baba yake mzee aliisomea Kurani huko, akarudi nayo Misikhu. Tukasalimiana. Wao husema "Mulembe", maana yake amani. Sisi twasema "Salaam", maana yake ni hiyo hiyo. Nikampa halua. Akaionja, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiswahili safi:

"Watu wa Pwani walifika hapa zamani. Wakati ule hawakuwa na halua."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi. Lakini niliona kwamba si wote waliocheka.

Posa yenyewe ilikuwa ya kesho yake, Jumapili, wakisubiriwa ami zake binti kutoka Bungoma. Basi siku ile ilikuwa tupu, na ami mmoja wa binti aliyekuwapo tayari, mwalimu mstaafu wa historia, akaniambia, "Nasikia wewe ni mtu wa majengo ya kale. Twende nikakuonyeshe ngome."

Neno ngome kwangu lina sura yake. Mimi nimezaliwa kivulini mwa Ngome ya Mombasa. Tukashika matatu mpaka Webuye, mji uliokuwa ukiitwa Broderick Falls enzi za ukoloni, wenye kile kiwanda kikubwa cha karatasi kilichofungwa mwaka 2009 na kuacha watu wengi bila riziki. Pale tukakodi bodaboda mbili, tukapanda kilima cha Chetambe. Joho niliuacha nyumbani, alhamdulillahi. Juu kabisa tukashuka. Upepo, mahindi, majani marefu, na chini kule nchi yote imetandazwa mpaka Mlima Elgon, na mto Nzoia unametameta kama mkufu. Nikatazama huku na huku.

"Mwalimu," nikauliza, "ngome yenyewe iko wapi?"

"Umesimama juu yake, mkwe."

Ilibidi aninyooshee kidole. Kulikuwa na bonde jembamba limezunguka, limejaa udongo na magugu, mahali pengine halifiki magotini. Hilo lilikuwa handaki. Upande wa ndani palikuwa na tuta, limeinuka kidogo kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Huo ulikuwa ukuta. Basi. Hakuna jiwe juu ya jiwe.

Aibu niliyoiona hapo naijua mwenyewe. Maana kilichonijia moyoni kwanza ni kwamba huyu bwana amenipandisha mlima bure. Ngome gani isiyo na mawe?

Mwalimu hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba Wabukusu, na Watachoni walioishi nao, walikaa vijiji vya kuta. Kijiji cha namna hiyo wao hukiita lukoba. Watu walichimba handaki, na udongo uliotoka ndio uliokandwa ukawa ukuta, hata shimo na boma vikawa ni kazi moja. Lango lilikuwa dogo na la chini, aingiaye ainame, na mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Usiku ng'ombe wanaingizwa ndani, lango linazibwa kwa magogo. Mwingereza Joseph Thomson aliyepita nchi hizi mwaka 1883 aliviona vijiji hivyo vya kuta na handaki, akaviandika. Na hakupita peke yake: mtu wake wa kutegemewa njiani alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Yaani kabla ya Mzungu kuviona, sisi tulikuwa tumekwisha viona.

Mwaka 1895 ndipo kuta hizo zilipojaribiwa. Waingereza walikuwa wameweka kituo Mumias, na wakati huo nchi hizi zilihesabiwa upande wa Uganda, mpaka mwaka 1902. Kulikuwa na bunduki zilizofika mikononi mwa Wabukusu kutoka kwa askari wa Kisudani waliotoroka. Mkuu wa kituo akapeleka kikosi kidogo cha Wasudani kuzidai. Wengi wao wakauawa. Ndipo Agosti mwaka huo C. W. Hobley akaja na jeshi: Wasudani, Waganda walioletwa na William Grant, Wawanga wa Nabongo Mumia, na Wamaasai. Kwanza ilianguka ngome ya Lumboka, upande wa Bungoma. Waliosalimika wakakimbilia hapa Chetambe, na wengi wakajifungia ndani ya handaki hili pamoja na ng'ombe wao. Mikuki na ngao kwa upande huu. Kwa upande ule bunduki za kawaida na bunduki ya rasharasha. Ukuta wa udongo huzuia mkuki na mshale. Hobley ameyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1929, kwa utulivu wa mtu anayesimulia mawindo.

"Na watu wa kanzu walikuwamo," Mwalimu akasema bila kunitazama. "Wazee wetu husema hivyo. Wengine wakibeba mizigo, wengine bunduki."

Nikanyamaza. Ufasaha wa Kitale haukunijia.

Akaendelea kuniambia kwamba mahali hapa hapakusahauliwa. Mwaka 1947 Elijah Masinde, yule kiongozi wa Dini ya Msambwa, ambaye ujanani aliwahi kuichezea Kenya mpira, alikuja hapa juu na maelfu ya wafuasi kuwakumbuka waliokufa mwaka 1895. Februari ya mwaka uliofuata polisi wakawapiga risasi wafuasi wake kule Malakisi, wakafa kumi na mmoja. Masinde mwenyewe akakamatwa, na je, msomaji, unajua walimpeleka wapi kumzuia? Lamu. Serikali ilimtoa kwenye udongo wake ikamweka katikati ya mawe yetu, na hakurudi kwao mpaka uhuru ulipokaribia. Nimekwenda Lamu mara zisizo na idadi kuandika juu ya nyumba na misikiti. Mji huo uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Sikuwahi kuuliza juu ya mtu wa Chetambe.

Tulikaa juu ya lile tuta. Nikaanza kufikiri juu ya mawe. Ngome ya Mombasa tunayoringa nayo, aliianza Mreno mwaka 1593 ili atuweke chini. Ibn Batuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwasifu watu wake kwa dini yao, na misikiti aliyoiona ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Mbao! Hakuna hata ubao mmoja wa misikiti hiyo uliobaki, wala hakuna Mmvita anayesema kwamba kwa hiyo hatukuwa na misikiti. Lukoba nazo hazikubomolewa na vita peke yake. Vita vilipokwisha, karne ya ishirini ilipoanza, watu walitawanyika wakakae kila mmoja shambani kwake, na ukuta wa udongo usiotiwa mkono kila mwaka huyeyuka. Mvua ilifanya kazi yake, jembe likamalizia. Hata hivyo Mwalimu aliweza kunionyesha lango lilipokuwa, na mahali pa ng'ombe, na upande aliotokea Hobley. Mimi kuna nyumba Mji wa Kale zimesimama ghorofa tatu, na wenyewe hawawezi kuniambia nani aliyekuwa akilala chini.

Na hapo ndipo lilipotoka neno lililonifanya niandike makala haya. Mwalimu alisema, katika mazungumzo tu, "Wakati ule hatukuitwa Wabukusu. Waliotuandika walituita kama tulivyoitwa na maadui zetu, na misafara yenu ikalichukua jina hilo ikalisambaza. Kitoshi. Kwetu ni tusi. Miaka ya hamsini wazee walisimama mpaka likafutwa katika madaftari ya serikali."

Nikamwomba alirudie.

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, chini, nyuma ya ngazi, ubavuni mwa kisima, kuna chumba kisicho na dirisha ila tundu moja juu karibu na boriti. Chumba hicho kina jina. Huitwa "kwa Kitoshi". Tangu utoto wangu huwekwa makaa, ndoo, baiskeli mbovu. "Katie kwa Kitoshi." "Katoe kwa Kitoshi." Tulipokuwa wadogo na watundu tulitishwa kwamba Kitoshi atatutokea, na mimi nilishika kwamba Kitoshi ni jini la kisimani; nikisomea Yasini kila nilipotumwa huko magharibi. Nimeandika makala matatu juu ya nyumba ile. Nimeeleza zidaka zake, chokaa yake, mlango wake uliochongwa na nani kwa mwaka gani. Chumba hicho sikukitaja, kwa kuwa hakina la kutajwa.

Usiku nikampigia simu shangazi yangu Mombasa. Ana miaka themanini na kitu, na ndiye wa mwisho wa kizazi chake. Tulipomaliza kuulizana hali nikamwambia, "Shangazi, Kitoshi ni nani?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Ni nani alokwambia?"

"Niko kwao, shangazi."

Akavuta pumzi. "Kitoshi si jini, mwanangu. Ndiye alomnyonyesha babu yako. Aliletwa mdogo, na safari. Mwanawe alikufa, maziwa yangali yatoka, akapawa babu yako. Babangu akimwita mama. Mimi sikumdiriki. Walomdiriki walisema alikuwa hatoki chumbani mle hata baada ya watumwa kuatwa huru. Akiambiwa panda juu, akisema, hapa ndipo pangu."

Watumwa waliachwa huru kwa sheria Mombasa mwaka 1907. Babu yangu wakati huo alikuwa kijana wa chuoni. Nilihesabu hayo nimelala chali katika kitanda cha ugeni, mvua inapiga bati. Kisha, kwa kuwa nimesomeshwa na walimu wakali, nikaanza kuhesabu mengine. Kwa madhehebu yetu ya Shafi manyonyo matano yanatosha, na kunyonya huharimisha kama nasaba inavyoharimisha. Kijana wetu ni kitukuu cha aliyenyonyeshwa. Binti ni mtu wa nchi ile ile. Ikiwa, tuseme, binti ametokana na dada yake Kitoshi, itakuwaje? Nikapanda, nikashuka, nikalihesabu mara tatu kwa vidole: hao ni watoto wa shangazi na wajomba, umbali wa vizazi, na ndoa yao ni halali bila shaka. Sheria haikuwa na tatizo. Aliyekuwa na tatizo ni mimi. Kesho ningesimama mbele ya mzee yule, niseme kwamba tumetoka katika nyumba njema, nyumba ya kale, nyumba ya mawe, tumekuja kuomba. Ningeweza kuyasema hayo yote na kila neno likawa kweli.

Alfajiri baada ya sala nilimwambia kijana. Alisikiliza, akauliza swali moja, "Utawaambia?" Nikamwambia ndiyo. Akaogopa, nikamwona; wala simlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Tukakaa chini ya mparachichi. Ami za binti walikuwa wamefika, wanaume kumi na mmoja kwa hesabu yangu, na wanawake wamekaa mlangoni na dirishani. Nikasoma hutuba, nikamsalia Mtume, na nilipofika mahali ambapo msemaji husifu ukoo wake nikaanza na nyumba. Nikawaambia ilijengwa kwa nini. Kisha nikawaambia kuna chumba nyuma ya ngazi, na jina lake. Nilipolitamka jina lile palipita sauti kama ya watu waliokanyagwa mguu. Nikasema, "Huyo ndiye mama wa kunyonya wa babu yetu. Hakuombwa kwa mtu yeyote. Nimeona si haki nimwombe binti wa pili kabla sijamtaja wa kwanza."

Mzee alikuwa ameinamia fimbo yake. Aliyesema kwanza si yeye wala si mmoja wa wanaume. Ni bibi yake binti, kukhu kama wanavyomwita wao, kutoka mlangoni:

"Jina lake hasa alikuwa nani?"

Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu hatuna jingine ila hilo.

"Hilo si jina," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayechagua mchele, "Alizaliwa wakati gani? Kama ni wakati wa mvua, basi ni Nafula. Kama ni wakati wa mavuno, Nekesa. Wakati wa kupalilia, Naliaka. Kiangazi, Nasimiyu. Kama ni njaa, Nanjala. Mamake alimwita mojawapo ya hayo." Akageuka akawaambia wenzake jambo kwa Kibukusu, na wanawake wakaanza kuyarudiarudia majina yale, kila mmoja lake, wakibishana polepole ni lipi. Ubishi huo ulichukua muda, na hakuna mwanamume aliyethubutu kuukata.

Mzee ndipo akainua uso. Sikuhutubiwa. Aliuliza chumba kina upana gani. Nikasema hatua nne kwa tatu. Akauliza kama kina mlango wa kufungwa kwa nje au kwa ndani. Hapo nilikwama: nimeingia na kutoka chumba kile nusu karne, na sikuweza kukumbuka komeo liko upande gani.

"Nenda ukatazame," akasema. "Posa tumeipokea. Mahari ni ya mtoto na atayataja mwenyewe, ndivyo dini yetu ilivyo. Ng'ombe ni mambo ya ami zake, utakutana nao, na nakuonea huruma." Watu wakacheka, na safari hii wakacheka wote. "Lakini watakaomleta mtoto Mombasa wataonyeshwa chumba hicho kwanza, kabla ya ukumbi. Na mke wangu huyu atakuwamo, kama Mungu atamweka."

Habari za ng'ombe sitazieleza. Ziliendelea mpaka laasiri na mimi si mtu wa mifugo. Walianza kwa kumi na watatu, kama ilivyo desturi yao, na tulipoachana ilikuwa bado ni maneno.

Nimerudi Mombasa wiki tatu sasa. Siku ya pili yake nilishuka na taa, nikatoa makaa, nikatoa ndoo na baiskeli, na mabati ya rangi yaliyokauka tangu enzi ya baba. Mlango ni wa mbao tupu, hauna nakshi hata ya kucha. Kizingiti kimeliwa katikati kwa miguu. Ndani, upande wa kushoto, kuna kidaka kimoja kidogo, na juu yake ukuta umefuka moshi wa taa, mweusi, umepanda hadi boriti. Komeo liko ndani. Lakini katika mhimili, kwa nje, kuna matundu mawili ya misumari mikubwa, na kitu kilichokuwa kimegongomewa hapo kimekwisha ng'olewa.

Fundi alikuja na ndoo ya chokaa, kwa kuwa nilitaka pawe safi kabla ya wageni. Shangazi akasikia sauti zetu. Ana mwaka mzima hajashuka ngazi zile. Akashuka, ngazi moja moja, ameshika ukuta, akasimama kizingitini akachungulia.

"Usipake kitu," akamwambia fundi. "Kiwate kilivyo. Wakione."